Kompyuta Niliyoiuza Mama Yako Akiwa Kabungu

Mpanda,
Jumapili alasiri

Mwanangu Milembe,

Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na najua hamtaachana mapema. Mama yako amekaa kwenye jamvi anachambua karanga za safari yako. Mimi nimevuta meza ndogo hapa uani, upande wenye kivuli, nikaona nikuandikie. Kesho stesheni kutakuwa na kelele, watu watakuwa wanapitisha magunia madirishani, na mimi kwenye kelele huwa nasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nitakwambia usisahau sweta, treni itaondoka, basi. Nakujua, hutafika Kaliua kabla hujaifungua barua hii. Ifungue tu.

Mambo ya mizigo, ya kubadilisha treni, ya nani atakupokea Dar es Salaam, mama yako amekwishakueleza mpaka jirani zetu nao wanayajua. Mambo ya wanaume pia najua amekueleza, maana siku hiyo nilifukuzwa nyumbani niende nikanunue mafuta ya taa yasiyokuwa yamekwisha. Mimi nina jambo moja, na linanihusu mwenyewe.

Unakwenda kusomea kompyuta. Mtaani wote wanasema mtoto huyu alijifunzia kwenye duka la baba yake, na ni kweli. Lakini hujui ulikipataje kile kiti cha mbele ya kompyuta. Unaamini mama yako aliacha kazi ya dukani kwa sababu ya mgongo. Milembe, mgongo wa mama yako hauna ugonjwa wowote. Mtu mwenye mgongo mbovu halimi mpunga kule bondeni Kabungu mwaka baada ya mwaka.

Tulipoipata kompyuta ya kwanza wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Nilikuwa karani kwenye mradi wa visima, na mradi ulipofungwa, wazungu waliwauzia wafanyakazi vitu vyao. Wenzangu waligombania majokofu na baiskeli. Mimi nikachukua kompyuta na printa yake, nikaileta mjini kwa mkokoteni, nimeifunika blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Bibi yako alikuja kuiona, akaizunguka, akaniuliza, "Sasa hii inapika au inaimba?" Nikamwambia inaandika. Akasema, "Na mkono wako una nini?"

Tukakodi kile chumba karibu na stesheni, nikapaka ubao rangi nikaandika TUNACHAPA BARUA, KADI NA MITIHANI. Kioo cha ile kompyuta kilikuwa cha bluu, herufi nyeupe. Haikuwa na mausi. Kila kitu kilikuwa kwenye vitufe: kukoza herufi kitufe hiki, kuhifadhi kitufe kile, kuchapa unabonyeza viwili kwa pamoja. Printa ilikuwa inalia mpaka ng'ambo ya barabara. Mtu akipita akiisikia alijua leo kuna kazi.

Mama yako hakuja pale kuchapa. Alikuja kukaanga maandazi mlangoni. Mimi nilikuwa natembea sana, mara ofisini kutafuta kazi, mara shuleni kufuata mitihani, mara stesheni kupokea karatasi kutoka Tabora, na watu wakinikosa walimwachia yeye maagizo. Siku moja nikarudi nikakuta barua imekwishachapwa. Nikauliza nani kachapa. Akajibu huku anageuza maandazi, "Nilikuwa nakuangalia vidole." Unga ulikuwa umejaa kwenye vitufe. Nilikasirikia unga, Milembe. Hilo ndilo nililoliona kwanza.

Baada ya hapo maandazi yakaisha, akahamia ndani. Alikuwa na darasa la saba, na Kiswahili chake hadi leo unakijua, akiharakisha Kisukuma kinaingia katikati. Lakini kwenye barua hakuwa na mpinzani. Alikuwa na namna yake. Mtu akija kusema shida yake, yeye alisikiliza kwanza bila kugusa kitu, kisha anachapa, kisha anamsomea kwa sauti. Kama mwenye barua hajasema "Ehe, ndivyo," haichapwi kwenye karatasi. Kuna bibi mmoja wa Kipimbwe alikuwa anamwandikia mwanawe aliyepotelea migodini. Alirudi mara nyingi, na kila mara alimtaka "yule binti anayesoma." Mimi nikijitolea, anasema, "Nitasubiri." Alikuwa anasubiri kwenye benchi hata kama mvua inamnyeshea miguu.

Sijui kama uliwahi kuyaangalia hayo. Mtoto huwaona wazazi wake kama anavyouona ukuta wa nyumba, upo tu.

Halafu mashine ikaanza kuchoka. Ukiiwasha asubuhi unaweza kufagia chumba na kunywa chai kabla haijaamka. Kazi ikizidi kurasa kadhaa inaganda, na ikiganda unapoteza ulichoandika tangu ulipohifadhi mara ya mwisho. Diski yake ya ndani ikawa inasaga kama mtu anayetafuna bisi. Nikamwita Fundi Zuberi kutoka Tabora, yule mrefu aliyekuwa anakuja na treni akiwa na kisanduku cha bati. Aliifungua juu ya meza, akapuliza vumbi, akachungulia kwa tochi, akatuambia sisi wote wawili, mimi na mama yako:

"Ina njia mbili. Mkitaka, naiongezea memori, nabadilisha hii diski, na kifaa cha umeme kilichochoka. Itaenda. Haitakuwa mbichi, lakini kwa barua zenu itawafikisha mbali. Njia ya pili, muiache, mnunue mpya. Mpya ina rangi, ina mausi, ina mambo mengi. Lakini mtaanza upya kujifunza, na umeme wetu huu wa jenereta hauna adabu kwa vitu vipya."

Mama yako akamwuliza, "Ukiitengeneza, vitufe vinabaki vilevile?"

"Vilevile, mama. Hutaona tofauti, ila haitakuchelewesha."

Jioni akaniambia atamwomba babu yako wa Kabungu yule ng'ombe dume wake. Unajua alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe katika zizi la baba yake, aliopewa kabla hajaolewa. Alisema tumwuze yule dume, tununue hivyo vipuri alivyotaja fundi. Hakusema kwa shida. Alikuwa amekwishaamua tangu fundi anafunga kisanduku chake.

Nami nikasema sawa. Nilisema sawa, na moyoni nilikuwa nimekwishakataa.

Ngoja nikwambie kwa nini, ingawa si sababu za kujivunia. Kulikuwa na jamaa amefungua duka la kuchapa upande wa soko. Kompyuta yake ilikuwa na rangi. Isipokuwa na kazi, ilikuwa inaonyesha samaki wanaogelea kwenye kioo, na watu walikuwa wanasimama kuangalia samaki, sisi tunaoishi mwendo wa lori moja tu kutoka Karema, kwenye ziwa na samaki wa kweli. Wakishaangalia wanampa kazi. Siku moja mwalimu aliyekuwa mteja wetu wa siku nyingi akaingia dukani, akaiangalia yetu, akacheka: "Kumbe hii bado mnayo?" Ni hayo tu aliyosema. Akaacha kazi yake akaondoka. Lakini mimi nilikaa na yale maneno. Nilianza kuikatia mashine jicho. Nilikuwa naifunika kitambaa wateja wakubwa wakija. Mtu akianza kuonea aibu kitu kinachomlisha, hakuna fundi atakayemshauri akasikia.

Mwezi ule babu yako akaugua, mama yako akaenda Kabungu kumwuguza. Mjomba wako akamleta yule dume, tukamwuza. Kabla mama yako hajaondoka aliniambia, "Ukienda Dar kufuata vipuri, andika majina yake vizuri, wasikupe vingine." Nikamwambia nitaandika.

Masista wa Karema walikuwa wameniuliza zamani kama najua mahali pa kupata kompyuta ya kufundishia wasichana wao. Lori lao lilipokuja mjini, nikawapakilia ile yetu, na printa yake, na ile karatasi ya vitufe ambayo mama yako aliandika kazi ya kila kitufe, akaibandika ukutani kwa uji wa unga. Nikaongeza pesa hiyo kwenye ya dume, nikaongeza na akiba, nikapanda treni. Unaona mpangilio ulivyokuwa. Baadaye nilimwambia mama yako kwamba nilifika Dar nikaona mpya nikashindwa kujizuia. Uongo. Naondoka stesheni kwetu hapa, ile ya zamani ilikuwa imekwishafika ziwani.

Dar nilikutana na mwuzaji mwenye tai. Nilipomwambia nilikuwa na mashine ya aina gani, akatikisa kichwa kama daktari. Akaniambia mwaka elfu mbili ukiingia, kompyuta zote za zamani zitachanganyikiwa, hazitajua ni mwaka gani, zitafuta kila kitu. Nilimwamini kwa furaha. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba nimefanya vema, na yeye alilipwa kwa kazi hiyo. Tangu hapo nimejifunza hili: mtu akishaamua jambo lake, ushauri anaoutafuta ni wa kumpigia makofi.

Nilirudi nimekalia maboksi mpaka miguu ikafa ganzi. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja stesheni kunipokea, ulilishika boksi la kioo kama mtoto mchanga. Tuliifunga pamoja, unakumbuka? Ilipowaka na kutoa ule mlio wake, uliruka. Siku hiyo nilikuwa mtu mkubwa Mpanda nzima. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mama yako alirudi wiki iliyofuata. Wewe ulikuwa shule. Alisimama mlangoni na mzigo wake bado kichwani.

"Ile iko wapi?" akauliza.

"Nimeiuza."

"Kwa nani?"

"Masista wa Karema."

Akashusha mzigo. Akaangalia ukutani palipokuwa na karatasi yake, pamebaki alama ya uji.

"Mbona tulisema memori?"

Ndipo nikatoa ule uongo wangu, na wa mwaka elfu mbili juu yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Unajua anavyosikiliza. Kisha akasema, "Haya. Nionyeshe inavyowashwa."

Kwa hiyo usifikiri alisusa. Alijaribu, Milembe. Alikaa pale akashika mausi, na kile kimshale kikawa kinamkimbia. Akikisogeza kidogo kinaenda pembeni, akikirudisha kinapotea. Vitufe vyake vyote alivyovijua bila kuangalia vilikuwa vimekufa, akibonyeza kimoja kinafungua kitu kingine. Barua aliyokuwa anaimaliza mteja akiwa amesimama sasa ilimchukua asubuhi nzima. Wewe ulikuwa unatoka shule unamfundisha. Ulikuwa unamwambia, "Mama, ni rahisi tu, bonyeza hapa." Hukukosea. Aliyekwishaliweza jambo huliona rahisi. Na ulikuwa unaliweza kweli, ulikuwa unaiendesha ile mashine kama umezaliwa nayo, mimi nilikuwa nikikuangalia naona fahari.

Sasa nafika penyewe.

Ilikuwa msimu wa mitihani, duka limejaa. Walimu wamesimama, karani wa ofisi amesimama, watu wa kamati ya harusi wamekaa benchi. Mama yako yuko kitini. Alikuwa anatafuta namna ya kuweka mistari ya jedwali, na kila akibonyeza, maneno yanaruka. Jasho linamtoka. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa ubaya, "Mama, si umwachie mtoto tu?" Watu wakacheka kidogo. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unaingia na sare za shule.

Mimi nilikuwa mume wake. Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Ningeweza kumwambia yule mtu asubiri. Ningeweza hata kunyamaza. Nikasema, kwa sauti ya kuwafurahisha wateja, "Kabula, inuka bwana. Mpishe Milembe, watu wana kazi zao."

Akainuka. Akakifuta kiti kwa pembe ya kanga yake, akakwambia, "Karibu, ng'wanone." Alikuita mwanangu, hata saa ile. Nawe ukakaa, na jedwali likanyooka palepale, na watu wakapiga makofi. Najua unaikumbuka siku hiyo. Uliwahi kuniambia ndiyo siku uliyojua unataka kusomea nini. Nikajifanya nakohoa.

Siku chache baadaye akaniambia mgongo unamsumbua kukaa kitini, na kwamba babu yako amempa kipande cha bonde. Nikasema sawa, nenda ukapumzike. Mtu anakwambia mgongo unamwuma kwa kukaa, kisha anakwenda kuinama shambani kutwa, nawe unasema sawa! Nilikubali kwa sababu ilinifaa. Duka lilikuwa linakwenda haraka.

Nilichelewa kuelewa. Kilichoanza kunishtua ni wateja. Yule bibi wa Kipimbwe alikuja, akachungulia, akauliza, "Binti anayesoma yuko wapi?" Nikamwambia yuko shamba, karibu mimi nitakuandikia. Akasema, "Nitasubiri." Akaenda zake, na hakurudi tena. Sijui kama mwanawe aliwahi kujibu. Wengine waliendelea kuja, na wewe uliwachapia vizuri, safi, kwa herufi za kila namna. Lakini hakuna aliyekuwa anakaa. Walikuwa wanachukua karatasi na kuondoka.

Kisha umeme ukafanya kama fundi alivyosema. Ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ile mpya ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Ilibidi nimsubiri Zuberi kwa muda mrefu, mlango wa duka umefungwa. Alipokuja akaifungua, akasema ni kifaa cha umeme tu kimekufa, si jambo kubwa. Wakati anakibadilisha akasema bila kuniangalia:

"Ile yenu ya zamani nimeiona Karema. Masista waliniita. Niliweka memori na diski, inakimbia vizuri. Vilevile nilivyotaka kuwafanyia."

"Haigandi?"

"Haigandi. Wasichana wanajifunzia." Akakaza skrubu. "Mama hajambo?"

Nikamwambia hajambo.

Nilikaa na jambo hilo kama mtu mwenye mwiba anaogopa kumwonyesha mwenye sindano. Mwisho nikamwambia mama yako twende Karema, tukanunue dagaa, na yeye akalione ziwa, maana watu wa kwao walipohama na ng'ombe kutoka Usukumani walipita mbali nalo. Unakumbuka tulikuacha na bibi yako. Tukapanda lori. Mama yako alifurahi njiani, alikuwa anaimba na akina mama wengine juu ya magunia, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma nawaza nitaanzaje.

Tulipofika nikamwambia kwanza tukawasalimie masista. Sista Gaudensia, mkuu wao, akatupeleka kwenye chumba cha kufundishia. Ilikuwa pale, kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha maua, kioo chake kile cha bluu. Na karatasi ya vitufe imebandikwa ukutani. Waliitunza, wakaiwekea mpaka nailoni.

Mama yako alisimama tu. Sista akamwambia, "Karibu, jaribu." Akasema mikono yake ni michafu, ina vumbi la njiani. Sista akacheka, akamletea maji. Akanawa, akajifuta, akakaa.

Milembe, sijawahi kuona kitu kama kile. Mikono ile imekwishakuwa ya mkulima, imepasuka, kucha zimevunjika. Akaiweka kwenye vitufe na ikaanza kukimbia kabla yeye hajajua anaandika nini. Wasichana wakaja nyuma yake kuangalia. Alichapa barua ya kuomba radhi kwa mwalimu mkuu, ya mzazi ambaye mtoto wake alichelewa kufungua shule kwa sababu ya msiba. Alikuwa amechapa barua za namna hiyo nyingi mpaka zinatoka zenyewe. Alipomaliza akaisoma kwa sauti. Halafu akasubiri kidogo, kama anangoja mtu aseme "Ehe, ndivyo."

Hakuna aliyejua kwamba ilipasa kusema. Mimi nilijua, na sikusema.

Sista akamwambia, "Mama, ungekaa hapa hata mwezi mmoja, uwafundishe hawa." Mama yako akacheka, akasema mpunga wake unakaribia kuchanua, ndege wataula. Akainuka.

Tulikaa nje tukisubiri lori, gunia la dagaa katikati yetu. Akaniuliza, "Ulinileta kwa ajili ya dagaa?"

"Hapana."

"Basi sema."

Nikasema yote. La kuuza kabla ya kwenda Dar, la uongo, la kumwinua kitini. Nikamwambia niko tayari kuinunua tena kwa masista, na kama hawataki pesa nitawapa ile mpya. Akaniacha nimalize.

"Waachie wasichana," akasema. "Imepata kazi." Akakaza kamba ya gunia la dagaa. "Unafikiri nilikasirikia mashine? Ile mashine ilikuwa imechoka. Mimi ndiye niliyekuwa naigonga kila siku, nilikuwa naijua kuliko wewe na Zuberi. Ungeniuliza vizuri, ungeniambia Kabula, nina aibu na mashine hii, nataka mpya, pengine ningesema uza na dume wa pili tununue. Ningejifunza hata hayo mausi, taratibu, duka likiwa limefungwa. Lakini uliniomba dume kwa jambo moja ukafanya lingine. Halafu ukaniinua mbele ya watu."

"Rudi dukani," nikamwambia.

"Nirudi kukaa wapi? Kiti ni cha mtoto sasa, na mtoto anakipenda. Usimguse."

Lori likaja. Tukapanda. Njiani hakuimba.

Hakurudi, kama ulivyoona. Nilimwomba tena mara nyingi, akawa ananijibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mgeni. Ana mpunga wake, ana karanga, watu wa Kabungu wanamheshimu, na kila akija Jumamosi anatuletea chakula. Si mtu wa kuhurumiwa. Lakini hatukai tena kama zamani, yeye akichapa na mimi nikikunja bahasha, tunabishana kama neno hili lina h au halina. Nilidhani nimebadilisha kitu kimoja juu ya meza. Sehemu ile ya maisha yetu imeondoka na lori la masista, na hakuna kipuri chake.

Nakwambia haya si ili ukae na huzuni kwenye treni. Wewe hukumnyang'anya mtu. Ulikuwa mtoto, baba yako akakwambia kaa, ukakaa. Kiti kile kimekupeleka mbali, na mama yako ndiye aliyeuza wale ng'ombe wengine wawili ili upate nafasi chuoni. Hilo nalo alinikataza kukwambia, nami angalau mara moja nimemvunjia neno kwa jambo jema.

Nakwambia kwa sababu ya kazi unayokwenda kuijua. Utarudi, au utakaa huko, na watu watakuwa wanakuita kama tulivyomwita Zuberi. Watakuuliza, mashine hii niitengeneze au ninunue nyingine? Utakuwa unajua mambo ya memori na diski na kasi, utawajibu. Sina la kukufundisha hapo. Mimi hadi leo sijui kwa hakika lipi lilikuwa sahihi kwa mashine yetu. Pengine mpya ilikuwa ni lazima, samaki wa yule jamaa wangetumaliza. Lakini kabla hujajibu, uliza nani anayekaa nayo kutwa, na uliza kama yeye ameulizwa. Mara nyingi utakuta anayekuita si yeye. Anayekaa nayo utamkuta yuko pembeni, anafanya kazi nyingine, anasikiliza.

Na ukiwa na mumeo siku moja, au na yeyote mnayefanya naye kazi, ukijikuta umekubali jambo kwa mdomo na moyoni umekataa, simama hapohapo useme. Mtagombana jioni moja, basi. Mimi nilikwepa ugomvi wa jioni moja.

Nilifika hapa nikaweka kalamu chini kidogo. Mama yako akainua kichwa kutoka kwenye karanga, akaniuliza, "Unamwandikia mambo gani marefu hivyo?"

"Habari za ile kompyuta."

Akachambua karanga kadhaa.

"La kuniinua kitini umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Ehe," akasema. Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Basi mwambie na hili langu. Huko chuoni watakuwa wanachapa kila kitu. Barua za kwangu asizichape. Aziandike kwa mkono. Mtu akiwa mgonjwa, au kama ana njaa, au amelia, mwandiko wake nitauona. Ile mashine itaninyima."

Nimekuandikia kama alivyosema.

Ni mimi baba yako.